ASIYEKUWAPO NA LAKE HALIPO

Serikali nyingi za dunia hujisifu kwamba ni serikali za watu, na ushahidi wanaoutoa ni sanduku la kura. Mbele ya sanduku hilo, wasema, tajiri wa mabilioni na mfagiaji wa barabara ni sawasawa. Kila mmoja ana karatasi moja, na karatasi ya huyu haihesabiwi mara mbili ya karatasi ya yule. Hilo ni jambo kubwa, wala sisi hatulidharau, kwani wazee wetu walilipigania kwa jasho na wengine kwa kifungo. Lakini siku ya kura ni siku moja tu. Baada yake huja mamia ya siku ambazo ndani yake sheria hutungwa, kodi hupangwa, mishahara huamuliwa na mikataba hutiwa sahihi. Swali letu leo ni hili: katika siku hizo zote, ni neno la nani linalosikilizwa?

Mfanyakazi alijua jibu la swali hilo zamani, lakini kila alipolisema aliambiwa kwamba ana husuda. Basi tuiweke hasira kando tutazame hesabu. Hesabu hiyo haikufanywa na chama cha wafanyakazi, wala haikutoka katika nchi ya kijamaa. Imefanywa na wanavyuo wa Marekani, nchi ambayo kwa miaka mingi imejitangaza kuwa mwalimu wa demokrasia kwa dunia nzima.

HESABU YA MASWALI 1,779

Katika Marekani kuna desturi ya kuwauliza raia maoni yao juu ya mambo ya serikali. Je, mwataka kodi hii ipunguzwe? Mwataka jeshi lipelekwe nchi fulani? Mwataka wazee wasaidiwe kununua dawa? Majibu huandikwa pamoja na kipato cha kila anayejibu. Bwana Martin Gilens, aliyekuwa mwalimu wa elimu ya siasa katika Chuo Kikuu cha Princeton, aliyakusanya maswali ya namna hiyo yaliyoulizwa tangu mwaka 1981 hadi 2002. Alipata maswali 1,779, kila moja likihusu badiliko moja ambalo serikali ingeweza kulifanya au kuliacha. Kisha akatazama, swali kwa swali, kama badiliko lile lilifanyika katika muda wa miaka minne. Kwa njia hiyo aliweza kupima jambo ambalo watu wengi hulisema kwa kubahatisha tu: wakitaka watu wa tabaka hili, serikali hufanya? Wakikataa, serikali huacha?

Matokeo aliyatoa katika kitabu mwaka 2012. Mwaka 2014, yeye na mwenzake Benjamin Page wa Chuo Kikuu cha Northwestern waliendeleza uchunguzi huo katika makala iliyosomwa dunia nzima. Walikuta hivi. Badiliko lililotakiwa na tajiri mmoja tu katika kila matajiri watano lilipita mara 18 hivi katika kila 100. Badiliko lililotakiwa na matajiri wanne katika watano lilipita mara 45 hivi katika kila 100. Maana yake, neno la tajiri lina uzito: akitaka, mlango hufunguka zaidi, akikataa, mlango hufungwa. Lakini walipoyapima matakwa ya mwananchi wa kipato cha kati, baada ya kuyatenga matakwa ya matajiri na ya vyama vya wafanyabiashara, hawakuona tofauti yoyote ya maana. Awe amelitaka jambo au amelikataa, nafasi ya jambo hilo kupita ilibaki karibu pale pale.

Watatokea watu watuambie: mbona raia wa kawaida wa Marekani hupata mambo mengi anayoyataka? Ni kweli, hupata. Hupata yale ambayo tajiri naye huyataka. Abiria aliyepewa lifti katika lori linalokwenda mjini hufika mjini, na hufika salama. Lakini hawezi kujisifu kwamba ndiye aliyeshika usukani, na siku lori litakapokwenda njia nyingine ndipo atakapojua kwamba hakuwa dereva.

Kabla ya hapo, mwaka 2008, Bwana Larry Bartels alikuwa ametoa kitabu chake juu ya demokrasia isiyo sawa. Yeye alizichukua kura zilizopigwa na masenata wa Marekani katika miaka ya mwisho ya 1980 na ya mwanzo ya 1990, akazilinganisha na maoni ya watu wa majimbo yao, aliowagawa mafungu matatu kwa kipato. Maoni ya fungu la juu yalionekana katika kura za masenata, na ya fungu la kati yalionekana kwa kiasi. Maoni ya theluthi ya chini hayakuonekana kabisa. Wala haikuwa tabia ya chama kimoja. Vyama vyote viwili vikubwa vilikuwa viziwi kwa sikio hilo hilo.

KIMA CHA CHINI CHA MSHAHARA

Huenda msomaji akaona kwamba hesabu hizi ni mambo ya wanavyuo, ziko mbali na sufuria yake. Tuchukue basi jambo moja ambalo kila mfanyakazi hulielewa, nalo ni kima cha chini cha mshahara.

Sheria ya Marekani ya kima cha chini ilitungwa mwaka 1938, nayo ilianza kwa senti 25 kwa saa. Iliongezwa mara nyingi baadaye, na mara ya mwisho ilikuwa Julai 2009, ilipofika dola 7 na senti 25. Hadi mwaka 2025 kima hicho cha taifa kilikuwa hakijasogea hata senti moja. Ni miaka 16, muda mrefu kuliko wowote tangu sheria ile izaliwe. Bei ya mkate haikusubiri miaka 16, na mwenye nyumba hakuacha kupandisha kodi kwa sababu Kongresi imelala. Ni kweli kwamba majimbo mengi yamejiwekea kima kilicho juu zaidi, lakini mfanyakazi anayeishi katika jimbo lisilofanya hivyo amebaki na dola 7 na senti 25.

Je, wananchi wenyewe ndio walioyakataa mabadiliko? La, hasha. Novemba 2020 watu wa jimbo la Florida waliulizwa moja kwa moja, kwa kura, kama wanataka kima cha chini cha jimbo lao kipandishwe hatua kwa hatua hadi dola 15. Zaidi ya 60 katika kila 100 walisema ndiyo. Siku ile ile jimbo hilo lilimpa ushindi Bwana Donald Trump, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba hao walikuwa watu wa mrengo wa kushoto. Miezi minne baadaye, Machi 2021, jambo hilo hilo la dola 15 lilifikishwa mbele ya Seneti kwa ajili ya nchi nzima. Masenata 42 walikubali, 58 walikataa, na kati ya waliokataa walikuwamo wa chama kinachojiita rafiki wa wafanyakazi. Mwananchi alipoulizwa yeye mwenyewe, alijibu. Mwakilishi wake alipoulizwa kwa niaba yake, alijibu vingine.

WANAOPINGA WASIKILIZWE

Haki yatutaka tuseme kwamba wako wanavyuo walioipinga hesabu ya Bwana Gilens. Mwaka 2017 watatu kati yao walizipitia upya takwimu zake, wakaonyesha kwamba matajiri na watu wa kipato cha kati hukubaliana katika mambo tisa hivi kati ya kumi. Katika mambo 185 yaliyobaki, ambayo makundi hayo mawili walitofautiana, matajiri walipata walichokitaka mara 53 katika kila 100, na watu wa kati mara 47. Wakauliza: huo ndio utawala wa matajiri mnaoupigia kelele?

Hoja hiyo ina nguvu, na mtu mkweli hawezi kuikwepa. Lakini sisi tunaijibu kwa mambo mawili. Kwanza, matajiri wanaohesabiwa ni kundi dogo, na watu wa kati ni umati. Kundi dogo likishindana na umati na likagawana nao ushindi nusu kwa nusu, tena likapata ziada kidogo, huo si usawa wa mtu mmoja kura moja. Pili, maskini yu wapi katika mashindano hayo? Wachunguzi hao hao waliona kwamba jambo linalotakiwa na maskini peke yao hupita kwa taabu zaidi kuliko linalotakiwa na matajiri peke yao. Wanavyuo na wabishane juu ya ukubwa wa pengo. Kwamba aliye chini kabisa haonekani, hilo halina mshindani.

FEDHA, NA ZAIDI YA FEDHA

Penye udhia penyeza rupia, walisema wahenga. Sababu ya kwanza ambayo kila mtu huitaja ni fedha, na katika Marekani fedha zimefunguliwa mlango na sheria yenyewe. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kutumia fedha katika uchaguzi ni namna ya kusema, kwa hiyo mgombea hawezi kuwekewa mpaka wa matumizi yake. Mwaka 2010 mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba hata makampuni yaweza kutumia fedha bila kikomo kuwapigia debe au kuwapinga wagombea, mradi wasishauriane nao. Matunda yake tumeyaona. Katika uchaguzi wa mwaka 2024 mtu mmoja, Bwana Elon Musk, alitumia zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Bwana Trump na wenzake. Mfanyakazi wa kima cha chini, akifanya kazi saa 40 kwa wiki bila kukosa hata wiki moja, hupata dola 15,080 kwa mwaka. Ili afikishe fedha hizo ingempasa afanye kazi zaidi ya miaka 16,000, tena bila kula, bila kuvaa na bila kulipa kodi ya nyumba. Na watu hawa wawili, tunaambiwa, sauti zao ni sawa.

Lakini tusidhani kwamba fedha za kampeni ndiyo sababu pekee, na kwamba zikizuiwa mambo yote yatanyooka. Tutazame Ujerumani. Huko vyama hupata sehemu kubwa ya fedha zao kutoka katika hazina ya taifa na michango ya wanachama, na wagombea hawatumii hata chembe ya zile zinazotumika Marekani. Hata hivyo, Bwana Armin Schäfer na wenzake, walioombwa na Wizara ya Kazi ya nchi hiyo kuchunguza jambo hili, walizipima kazi za Bunge la Ujerumani tangu mwaka 1998 hadi 2013, wakakuta kwamba maamuzi yalifuata matakwa ya wenye kipato kikubwa, wala hayakufuata ya wenye kipato kidogo. Matokeo hayo yaliwekwa katika rasimu ya ripoti ya serikali juu ya umaskini na utajiri. Mwaka 2016, rasimu ilipozunguka serikalini, sehemu zilizosema jambo hilo waziwazi zikafutwa, magazeti yakafichua, ukazuka ugomvi mkubwa. Aliyeambiwa kwamba paa lavuja hakuziba tundu, alimnyamazisha aliyesema.

Basi ikiwa fedha za kampeni peke yake hazitoshi kueleza, ni kitu gani kingine? Jibu letu ni fupi: ni nani anayeketi katika kiti.

NANI ANAKETI?

Bwana Nicholas Carnes wa Chuo Kikuu cha Duke amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Aliwahesabu wafanyakazi wa Marekani, yaani wanaofanya kazi za mikono viwandani, madereva, wahudumu wa hoteli na maduka, makarani na wengine wa namna hiyo, akakuta kwamba wao ni zaidi ya nusu ya watu wote wenye kazi katika nchi. Kisha akatazama Kongresi. Wabunge waliotoka moja kwa moja katika kazi hizo hawafiki hata wawili katika kila 100, na katika mabaraza ya majimbo ni watatu hivi katika kila 100. Tabaka lililo kubwa kuliko yote nchini limepewa kipembe cha benchi. Viti vingine vimejaa mawakili, wafanyabiashara na wenye vyeo vya maofisini.

Huenda tukajibiwa: mwakilishi mzuri ni mwenye elimu, na mwenye elimu aweza kumtetea yeyote. Tungependa iwe hivyo. Lakini aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Carnes aliona kwamba wale wachache waliotoka katika kazi za chini walipiga kura tofauti na wenzao wa chama hicho hicho katika mambo ya mishahara, kodi na misaada kwa wasio na kazi. Mtu ambaye hajawahi kungoja mshahara wa mwisho wa mwezi huku deni la duka likimngoja yeye, haoni haraka ya mswada wa mishahara. Si lazima awe mtu mbaya. Jambo hilo halimjii tu akilini asubuhi anapoamka.

Tena imezoeleka kusemwa kwamba wafanyakazi hawachaguliwi kwa sababu wapiga kura hawawataki. Hilo nalo limepimwa. Mwaka 2016 Carnes na mwenzake Noam Lupu walitangaza uchunguzi uliofanywa Uingereza, Marekani na Argentina. Wapiga kura waliwekewa mbele yao wagombea wa kubuniwa, mmoja mfanyakazi na mwingine mtu wa kazi ya juu, wakaulizwa wangemchagua nani. Mfanyakazi hakuchukiwa. Walimpenda sawa na yule mwingine. Basi ikiwa mfanyakazi akigombea hukubaliwa, mbona hayumo? Hayumo kwa sababu hafiki kwenye karatasi ya kura. Kugombea kunataka mtu aache kazi kwa miezi, na asiye na akiba hawezi kuacha kazi hata wiki mbili. Na viongozi wa vyama, wanapotafuta mtu wa kumsimamisha, huwaendea wale wanaokutana nao katika karamu na ofisi zao, na huko dereva wa basi hawamkuti. Mlango haukufungwa na mpiga kura. Ulifungwa kabla mpiga kura hajaamka.

FUNZO LA WACHIMBA MAKAA

Wafanyakazi wa Uingereza waliligundua jambo hili karne mbili zilizopita. Katika mkataba wao wa madai wa mwaka 1838 hawakudai haki ya kupiga kura peke yake. Walidai pia kwamba sharti la kuwa na mali ili mtu awe mbunge liondolewe, na kwamba wabunge walipwe mshahara, kwani walijua kwamba mchimba makaa hawezi kuketi Bungeni bure huku watoto wake wakilala njaa. Mwaka 1892 mchimba makaa mmoja, Keir Hardie, aliingia Bungeni. Mwaka 1900 vyama vya wafanyakazi vilishirikiana kuanzisha chombo cha kuwasimamisha wagombea wao wenyewe, nacho ndicho kilichokuwa Chama cha Labour. Na mshahara wa wabunge, pauni 400 kwa mwaka, ulipatikana mwaka 1911, miaka zaidi ya 70 baada ya kudaiwa.

Lakini kilichojengwa chaweza kubomoka pole pole bila mtu kusikia kishindo. Mwaka 1979 wabunge 16 hivi katika kila 100 wa Uingereza walikuwa wametoka katika kazi za mikono. Mwaka 2015 walikuwa watatu tu katika kila 100. Chama cha Labour chenyewe kilijaa watu waliotoka chuoni wakaingia ofisi za wanasiasa, na toka ofisi hizo wakaingia Bungeni. Bwana Tom O'Grady, mwanachuo wa London, alizichunguza kura na hotuba za wabunge wa chama hicho wakati serikali ya Bwana Tony Blair ilipopunguza misaada kwa wanyonge. Aliona kwamba wabunge waliotoka katika tabaka la wafanyakazi ndio waliopinga zaidi, na wale waliokuwa wanasiasa wa kazi ndio waliokubali upesi. Jina la chama lilikuwa lile lile. Waliobadilika ni walioketi, na sheria zikabadilika pamoja nao.

NA SISI JE?

Ndugu wanachama, hatukuyaandika haya ili tuwacheke Wamarekani na Wazungu. Nchi yetu inazo kumbukumbu zake katika jambo hili, tena ni kumbukumbu za heshima.

Katika uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, mwaka 1958 na 1959, mkoloni aliweka masharti ya kipato, elimu ama cheo kwa mtu kuruhusiwa kupiga kura, na kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, ingawa Waafrika walikuwa karibu watu wote wa nchi. Mzani ule ulikuwa wa wazi. TANU iliuingia uchaguzi ule baada ya mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, ikashinda, na mzani ukavunjwa. Mzani wanaoueleza Gilens na Carnes ni mgumu zaidi kuvunjwa, kwa kuwa umefichwa nyuma ya sanduku la kura lililo sawa kwa wote.

Wazee wetu walilihisi jambo hili mapema. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, ambao ulikuwa wa chama kimoja na wagombea wawili katika jimbo, mikutano ya kampeni ilitayarishwa na Chama, na wagombea wote wawili walisimama jukwaa moja mbele ya watu wale wale. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba. Haikuruhusiwa mtu kutumia mali yake kujinadi, wala kutumia kabila au dini, na lugha ilikuwa Kiswahili. Tunaweza kuwa na maoni mbalimbali juu ya chama kimoja, nasi tuliuacha mtindo huo mwaka 1992. Lakini jambo moja halikanushiki: katika uchaguzi ule mfuko wa mtu haukumsaidia, na hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa na wapiga kura wa Mwanza. Kisha Azimio la Arusha la mwaka 1967 likataka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika makampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha.

Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliyalegeza masharti hayo. Baadaye zikaja siku za takrima. Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 ikaruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakitangaza kifungu hicho kuwa kinavunja Katiba. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi ili kuweka mipaka ya matumizi. Huo ndio mvutano wenyewe: kila fedha inapofungiwa mlango hutafuta dirisha. Na dirisha kubwa kuliko yote halimo katika sheria za nchi. Limo ndani ya vyama, siku ile jina la mgombea linapopendekezwa, na mwanachama anapoulizwa kwa sauti ya chini atapata nini.

KAZI YA TAWI

Basi tufanye nini? Huko Marekani, katika jimbo la New Jersey, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilianzisha mwaka 1997 shule ya kuwafundisha wanachama wake kugombea. Wafundi wa bomba, walimu, zimamoto na wahudumu hufundishwa kuhutubia, kupanga kampeni na kutafuta kura. Wanafunzi wa shule hiyo wameshinda uchaguzi zaidi ya mara 1,000, kuanzia mabaraza ya miji hadi Kongresi, na katika kila mara nne wanazogombea hushinda tatu hivi. Hawakungoja sheria ya nchi ibadilishwe wala matajiri watubu. Waliwatafuta watu wao, wakawafundisha, wakawasimamisha.

Hilo ndilo tunalotaka lifanyike katika matawi yetu. Tawi lisingoje mtu aje na gari na fulana kulitangazia kwamba anagombea. Tawi litafute lenyewe: nani kati yetu, katika kiwanda hiki, katika shamba hili la mkonge, katika soko hili, ana akili, ana uaminifu na anajua shida zetu kwa kuziishi? Likimpata, limchangie nauli na ada, kwani haba na haba hujaza kibaba. Chama cha wafanyakazi kidai kwamba mwanachama wake anayegombea apewe likizo na kazi yake ingojwe. Na Chama chetu kijiulize kwa ukweli, kila kinapopanga majina, ni wangapi kati ya hao ni wakulima na wafanyakazi, na ni wangapi ni watu walioonekana kwa sababu walikuwa na uwezo wa kuonekana.

Hatusemi kwamba kila mwenye mikono migumu ni mkweli, au kwamba kila msomi ni msaliti. Tumewaona watoto wa wakulima waliosahau harufu ya udongo siku ile ile walipopewa kiti cha kuzunguka. Kwa hiyo kumpeleka mtu wetu hakutoshi bila kumfuata. Tawi liandike alisema nini Bungeni au katika baraza la madiwani, juu ya mshahara, juu ya bei ya pembejeo, juu ya ushuru wa soko, na arudipo asomewe. Wachunguzi wa Marekani walihitaji maswali 1,779 ili kujua wawakilishi walikuwa wakimsikiliza nani. Tawi lenye daftari moja na karani mwaminifu laweza kujua kabla ya mwaka kwisha.

Mpiga kura aliyeipa karatasi yake kazi ya siku moja, kisha akaenda kulala miaka mitano, asishangae akiamka akute meza imekwisha kuandaliwa na wageni wameshiba. Kiti tusipokikalia sisi hakibaki kitupu. Atakikalia mwingine, naye atasema kwa jina letu mambo yaliyo yake. Asiyekuwapo na lake halipo. Basi tuwepo.